Faragha ya Plaiwudi

Mshauri niliyempata mtandaoni alitaka niongee naye nikiwa mahali pa faragha. Faragha, Kariakoo! Nyumbani kwetu Mchafukoge yupo mama mkwe, na masikio yake hayana likizo. Ikabidi nifunge duka mchana kweupe, nijikunyate nyuma ya majora ya vitenge, nimweleze yule dada kwenye simu jinsi moyo unavyonienda mbio nikisikia funguo za mume wangu mlangoni.

Tangu biashara iwe huria kila mtu anataka fremu ya duka, kwa hiyo mwenye nyumba aliikata yetu katikati kwa plaiwudi. Nikiwa nalia, jirani, muuza vitenge mwenzangu, akagonga upande wa pili: “Shoga, mwambie na ile ya Idi! Umeiruka.”

Jirani alikuwepo siku hiyo, mume wangu aliponitukana mbele ya wageni, nami nimeshika sinia la pilau. Nikaieleza.

Jioni mume wangu alikuwa ameshasikia kwamba nilifunga duka. Akayatazama macho yangu yaliyovimba.

“Wateja wote wameenda kwa jirani, siyo?”

Nikamwambia hapana, jirani naye hakuuza. Alikuwa ananisikiliza.