Wimbo wa Maman na Sisi Tuliogawana Beti

Enzi zetu pale Mururu, upande wa Rwanda mpakani na Kongo, wimbo ulitafutwa kwa miguu. Mama yangu mzazi, ambaye kila mtu alimwita Maman, ndiye aliyeongoza kwaya ya watoto, na alikuwa na wimbo mmoja aliorudi nao kutoka Bukavu, wenye beti nyingi kuliko subira yetu. Hakutufundisha wote pamoja. Kila mtoto alipewa ubeti wake, kisha tukaambiwa zilizobaki tukazitafute kwa wenzetu.

Basi tukazitafuta: kwenye foleni ya maji, tukichuma maharage, njiani kwenda shule tukitafuna mihogo ya kuchoma. Nipe wa tatu nikupe wa tano. Aliyepokea ubeti asubuhi aliugawa jioni, kwa hiyo hata Maman alipovuka mpaka kwenda sokoni, wimbo uliendelea kuenea bila yeye. Kulikuwa na Pascal, fundi wa kupokea bila kutoa. Huyo tulimwimbia huku tukiyameza maneno makusudi. Na aliyekamilisha hakuruhusiwa kwenda zake. "Ukishapata yote, usikimbie," Maman alikuwa akisema kwa Kiswahili chake cha Bukavu. "Bakia, na bengine bapate."

Vijana wa leo wanagusa kioo kwa kidole, wimbo unakuja, hata jina la mwimbaji hawalijui. Bando likiisha, wimbo nao umeisha.

Tulikua, tukatawanyika: Kigali, Bukavu, Kanada. Kabla Maman hajafariki nilimrekodi kwa simu akiuimba wimbo ule wote, na kikohozi chake katikati ya beti. Nilitaka wenzangu waupate, nikatumia programu ya bure ya kugawana mafaili, ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha. Haina kompyuta kuu inayotunza mali ya wote. Faili linakatwa vipande. Anayepokea kipande anawapa wengine papo hapo, na akimaliza anaendelea kutoa maadamu mashine yake imewaka. Furaha, rafiki yangu wa kwaya aliyeko Kanada, alielewa kabla sijamaliza kueleza. Akasema hiyo ni kwaya ya Maman tu. Wiki ile kila nilipoangalia kioo niliwaona wenzangu wote wameunganishwa, nikajisikia mtoto tena.

Mwaka huu radi iliunguza kompyuta yangu, na simu niliyomrekodia ilikuwa imekufa zamani. Sikuwa na hofu. Nilinunua nyingine, nikaweka programu ile, nikabandika kiungo na kusubiri vipande virudi kutoka kwa wenzangu. Hakikuja hata kimoja. Nikaanza kuwapigia simu. Huyu alibadilisha mashine, yule nafasi ilimwishia akafuta. Nikabaki na Furaha.

"Nilifunga zamani, na faili nilishafuta," alisema. "Nilizani weye uko nayo."

Nikamwambia nami nilidhani wao wanayo. Nikalia, na yeye akaniimbia ubeti wake hadi mwisho kwa sababu hakuwa na kingine cha kunipa.

Enzi zile ukikosa ubeti ulijua mlango wa kubisha, na aliyekufungulia alikuwa na sauti ya Maman masikioni tangu jana yake. Siku hizi wenzangu wote nawapata kwa simu, na maneno ya wimbo tumeyakusanya yote. Sauti yake hakuna aliye nayo. Programu bado imewaka mezani kwangu, inatafuta mtu, na mimi siwezi kuifunga.