Kiboko wa Rumonge aliyemjua mwanangu kwa jina la nyumbani

Wakuu, amahoro kwenu.

Mimi humu ni msomaji wa kimya kimya, ila hili limenikaa kooni nikaona nilitoe. Sitapamba kitu. Mume wangu naye ni member humu, nikitia chumvi atanirekebisha hapo chini mbele yenu wote.

Naishi Bujumbura, mtaa wa Buyenzi. Nimekulia Kigoma wakati wazazi wako ukimbizini, kwa hiyo Kiswahili changu ni cha pande mbili, mtanivumilia. Nina watoto wawili: Yasini ana miaka saba, Mwajuma minne.

Congé ya watoto, yaani likizo ya shule, ilipoanza, Baba Yasini alirudi kutoka kazini akasema, "Jiandaeni, Jumamosi tunaenda Rumonge. Iko bustani mpya ya michezo pale ziwani. Tunalala, tunarudi kesho yake."

Wakuu, huyu mwanaume hajawahi kunipeleka popote. Honeymoon yetu ilikuwa kwa dada yake.

Na mafuta je? Warundi wenzangu mnaijua hali ya essence. Gari letu lilikaa uani mpaka kuku wakaanza kutagia chini yake. Leo ghafla mafuta yamepatikana! Nikamuuliza ameyatoa wapi, akanijibu, "Si utulie tu ufurahi?"

Mke akiambiwa atulie afurahi, ndipo anapoacha kutulia.

Njia nzima nilikuwa namwangalia kwa pembe ya jicho. Tulipofika Gitaza watoto wakaziba pua kwa harufu ya ndagala, dagaa wa ziwani, zilizoanikwa, wanacheka, baba yao hacheki. Simu ikitetemeka anaisoma haraka, anaigeuza kifudifudi.

"Nani huyo?"

"Mutu wa kazi."

Jumamosi, mtu wa kazi. Haya.

Nikamuuliza kwa nini Rumonge, wakati Bujumbura fukwe zipo na bembea zipo. Akasema watoto wanataka treni. Hakuna mtoto wangu aliyewahi kutaja treni. Kichwani nilikuwa nimeshamaliza hesabu: ana mwanamke Rumonge. Nilikuwa nimeshamchora hadi sura, mrefu, mweupe kidogo, ana duka la mawese.

Bustani yenyewe sitaitaja jina, iko nje kidogo ya mji ukielekea Kigwena, michikichi nyuma, ziwa mbele. Nisiwe mchoyo wa sifa, ni pazuri. Kuna jumba la kujazwa hewa watoto wanarukaruka ndani, kuna utelezi mrefu, na treni ipo kweli, vibehewa vya rangi vinavutwa na pikipiki ya magurudumu matatu.

Na kuna kiboko.

Si kiboko wa ziwani. Ni mtu kavaa nguo ya kiboko, kichwa kikubwa cha sponji, meno mawili, tumbo limejazwa mto wa kulalia. Anacheza na watoto, anapiga nao picha. Haongei. Anapunga tu mkono.

Yule kiboko alituganda, wakuu. Watoto walijaa pale, lakini yeye kila nikigeuka yuko kwetu. Mwajuma akipanda bembea, yeye ndiye anasukuma. Yasini akiteleza, yeye yuko chini anampokea. Mimi nikisogea, anarudi nyuma.

Nikamwambia Baba Yasini, "Huyu mtu simwelewi."

"Anafanya kazi yake," akasema, wala hakuniangalia.

Jioni, watoto wanaoga kule tulikofikia, Mwajuma akaniambia, "Mama, kiboko ameniita Kanyoni."

Kanyoni ni jina la nyumbani tu, ndege mdogo kwa Kirundi. Halijaandikwa shuleni wala hospitali. Na siku ile nzima hakuna aliyelitaja pale bustanini, nilirudisha kumbukumbu neno kwa neno.

"Alikuitaje? Si haongei?"

"Ameniambia kwa sikio."

Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa anakausha nywele za Yasini, akaendelea kukausha. "Watoto wanatunga," akasema.

Jumapili asubuhi nilitaka turudi nyumbani. Watoto wakalia, baba yao akasema tukae mpaka saa sita tu. Nikakubali, ila nilipofika nikaenda moja kwa moja kwa mama anayekata tiketi.

"Yule wa ndani ya kiboko ni nani?"

"Iko mutu mwema, mama. Batoto banamupenda sana."

"Nauliza jina lake."

Akacheka. "Sisi tunamuita Kiboko tu. Hapendi kuvua kichwa mbele ya batu. Hata kula anakula peke yake."

Nyie mngefanyaje? Mtu hapendi kuonekana uso, na anamjua mwanangu kwa jina la ndani.

Nikashika watoto kama kuku mwenye vifaranga. Bahati mbaya Yasini akabanwa na haja. Nikamkabidhi Mwajuma kwa baba yake, nikamwambia, "Usimwachie mkono." Akaitikia.

Narudi kutoka chooni, baba hayupo. Mtoto hayupo.

Nikaangaza huku na huku. Ndipo nikaona, kule karibu na geti, lile tumbo kubwa la kijivu linatembea, na kamkono ka mwanangu kako ndani ya lile limkono la sponji. Wanaelekea nje.

Sikumbuki nilivyokimbia. Nakumbuka sauti yangu tu: "Anaiba mtoto! Mwizi wa watoto!"

Wakuu, lile neno halina breki. Kufumba na kufumbua wanaume walikuwa wametoka kila upande, wengine na viti vya plastiki, wanapiga kelele, "Igisuma! Igisuma!" yaani mwizi kwa Kirundi. Mmoja akampiga teke la mgongo, kiboko akaanguka kifudifudi. Mwajuma nikamkwapua, analia, anasema kitu ambacho sikisikii. Mwingine ameshika jiwe. Jiwe kabisa, la kupangia maua.

Mimi nilisimama nikaangalia. Sehemu yangu moja ilitaka lile jiwe lishuke. Naandika ukweli.

Ndipo Baba Yasini akaja mbio na chupa za maji, akazitupa, akajilaza juu ya yule kiboko.

"Musimupige! Ni ndugu yangu! Ni mutoto wa mama yangu!"

Watu wakasita. Yeye akakivuta kile kichwa cha sponji kikatoka.

Alikuwa Shabani.

Shabani ni mdogo wake wa tumbo moja. Tulimuaga mwaka jana pale Buyenzi, mtaa mzima, dua ikasomwa, mama mkwe akamfunga kitambaa chake mkononi. Alikuwa anaenda kazi Oman. Yeye ndiye alimbeba Mwajuma mabegani tangu mchanga, na lile jina la Kanyoni ni yeye alimpa. Na siku zote hizo anatutumia voice note: Oman joto, Oman kazi nyingi, nisalimieni watoto.

Sasa yuko mbele yangu, mdomo unavuja damu, kavaa miguu ya kiboko.

"Shemeji," akasema, "kaka alienda kununua maji, Kanyoni akataka kuona treni ikigeuka pale nje ya geti. Hiyo tu."

Wale wanaume wakatawanyika, mwenye jiwe akalirudisha kwenye maua taratibu kama mtu anayerudisha kitu alichoazima.

Tukakaa kivulini upande wa jikoni, akanieleza. Wakala aliyemchukua alimfikisha Dar yeye na wenzake, akawafungia kwenye nyumba moja, akakusanya passport zao, akapotea nazo. Shabani akarudi kupitia Kigoma. Kuvuka mpaka aliweza, ila kuingia Buyenzi miguu ilikataa. Angewaambia nini waliomsomea dua?

"Kwa nini hiyo kazi?" nikamuuliza.

"Kwa sababu ya kichwa. Batu ba Buyenzi banakuja hapa kila congé. Jirani yetu amepiga picha na mimi, amenikumbatia, hakunijua. Mimi nililia humo ndani."

Mume wangu alijua tangu mwanzo; yule "mutu wa kazi" wa kwenye simu alikuwa Shabani. Mafuta aliyahangaikia na safari nzima akaipanga ili Shabani acheze na watoto bila mtu kujua. Nikamwambia, "Si ungeniambia neno moja tu."

"Aliniapisha," akasema.

"Basi kiapo chenu kidogo kimuue."

Tukarudi Bujumbura siku ileile.

Baba Yasini akaniomba mama mkwe asijue. Sikuahidi. Lakini mtoto wa miaka minne hafungwi mdomo. Siku ya pili tu Mwajuma akiwa mapajani kwa bibi yake akasema, "Bibi, kiboko alitoa kichwa, akawa baba mudogo Shabani."

Nikadondosha mwiko. Mama mkwe aliendelea kuchambua mchele.

"Mimi nimejua zamani," akasema. "Oman gani hiyo, kila akinitumia sauti nasikia nyuma wanawake banagombania ndagala?"

"Mama, mbona hukusema?"

"Nilingoja aseme mwenyewe. Mutu ukimukamata na aibu yake, atakimbia mbali zaidi."

Ila nilipomweleza habari ya jiwe, aliuweka ungo chini. Kesho yake alfajiri akapanda basi peke yake. Walichoongea na mwanawe sikijui, alirudi na kidumu cha mawese na macho mekundu, akalala mchana kutwa.

Shabani bado hajarudi Buyenzi. Lakini sasa anapiga video, uso wake unaonekana, na mama anamuuliza amekula nini.

Nilichojifunza: lile neno "mwizi wa watoto" ukilitoa halikusikilizi tena, linawasikiliza wenye mawe. Na bado nawaambia, mkono wa mwanangu ukiwa kwa mtu nisiyemwona uso, nitakimbia tena. Hapo sijapata jibu.

Na nyie akina baba, siri ya ndugu yako usiipitishe mkononi mwa mtoto bila mama yake kujua. Nilianza na mwanamke wa duka la mawese kichwani, nikaishia karibu na maiti, yote kwa sababu mtu alinijibu "mutu wa kazi".

Mume nimemsamehe nusu. Simu yake ikitetemeka bado nageuka.

Wenye ndoa, mngemsamehe nzima? Na waliowahi kurudi mikono mitupu kutoka safari ya kuagwa na dua, ni nini kingewarahisishia kugonga mlango? Shabani anasoma huu uzi. Andikeni mkijua hilo.