Kichwa ya Tata na Tumbo Yangu

Wewe, ushawahi weka kidole kwa kichwa ya mtu ukasikia inapumua? Mimi nimeweka! Kichwa ya baba yangu, tata. Alianguka kwa mti, kichwa ikamuuma mpaka akawa anaigonga kwa ukuta, ndio akaitwa omobari, yule fundi wetu wa kupasua kichwa. Walimlaza nje juu ya majani ya ndizi, jua kali, wanaume wamemshika. Mimi mtoto nikalia, "Kata kidogo! Kata kidogo!" Huyo mzee akanicheka. "Nikikata kidogo, nitaona kidogo." Akafungua, akakwangua mfupa, na tata akapona akazeeka. Lakini hapo juu palibaki laini, panapanda, panashuka. Alikuwa anafunika na kofia ya sufu, hata kanisani walichoka kumwambia atoe.

Sasa sikia. Mwaka jana, mimi magokoro mzima, nyanya wa watu, mambo ya mwezi nilishaisahau, nikaona damu. Kupimwa, nikaambiwa ni saratani ya mlango wa kizazi, lakini bado ni changa, inaweza kutolewa pamoja na kizazi yote.

Asubuhi yake nikaenda kuchuma majani chai huku kwetu Itumbe. Ukungu ilikuwa imelala juu ya chai kama maziwa. Mbele yangu kuna mtu anachuma, amenipa mgongo. Kofia ya sufu, kama ya marehemu tata. Na hiyo kofia inapanda, inashuka. Nikaita, "Tata?" Hakugeuka. Nilipofika hapo hakuna mtu, lakini majani yote yana umande, isipokuwa mstari moja imekauka, kama mtu amepita na nguo yake.

Binti yangu, huyu wa ofisi Kisii, akasema, "Mama, ni ukungu." Haya, ukungu.

Tukaenda kwa daktari, mimi na binti na mjukuu wangu msichana wa chuo, yule wa kucheka cheka. Daktari akasema, "Mama, kuna njia mbili. Kuna ya kutoboa mashimo madogo, tunaingiza kamera na vyuma vyembamba. Na kuna ya kupasua tumbo."

"Mashimo!" binti akaruka. "Atarudi nyumbani haraka, kovu hata haitaonekana."

"Binti yangu, mimi nitamwonyesha nani tumbo?" nikamuuliza. Mjukuu akaziba mdomo. Lakini kweli hata mimi moyo ilikuwa kwa mashimo. Kisu naogopa.

Daktari akatikisa kichwa. "Hata sisi tulidhani ni sawa. Lakini kwa ugonjwa huu, wanawake wamefuatiliwa miaka, na ilionekana wale wa mashimo ugonjwa uliwarudia zaidi, na wengi zaidi walikufa. Kupasua kunauma, kidonda kinakawia, lakini ndiyo njia ninakushauri."

"Ni kwa sababu ukikata kidogo unaona kidogo?"

Akacheka. "Sababu yenyewe bado hatujaijua yote, mama. Na operesheni zingine mashimo ni mazuri sana. Ni hii."

Nikasikia shingo yangu nyuma inapata baridi, kama mtu amenipumulia. Kugeuka, ni ukuta. Nikasema, "Pasua."

Siku yenyewe, wakinisukuma na kitanda, nani alikuwa amesimama mwisho wa korido ya wodi? Amenipa mgongo vile vile. Nikamwambia nesi, "Mwambie huyo mzee wa kofia anipishe." Nesi akaangalia, akaangalia tena. Akasukuma mbio.

Niliamka na uchungu, wacha tu! Kucheka siwezi, kukohoa siwezi, na mimi bila kucheka nitaishi aje? Baadaye daktari akaleta majibu: ile kitu walitoa, kando zake ni safi, hazina saratani. Lakini lazima niwe narudi kuangaliwa. Nami narudi.

Kidonda ilipofunga, mjukuu akaniomba aguse. Akaweka kiganja pale chini ya kitovu, kicheko ikamwisha.

"Magokoro. Inapumua."

"Ni mimi napumua, mjinga wewe."

"Shika pumzi basi."

Nikashika. Akabaki ananiangalia, macho imetoka, mkono hautoi. Mimi pia nilisikia. Inapanda, inashuka, pole pole, kama mtu amelala vizuri.

Nikamwambia hiyo ni mlinzi wangu, lakini yeye hana. Yeye ana kupimwa tu, mapema, kabla hata aone damu.

"Nitaenda kupimwa, magokoro," akasema. "Kila wakati nikiambiwa nirudi, nitarudi. Na wewe ndio utanishika mkono, kwa hivyo usithubutu kwenda mahali."