Neno la Pili Korongoni

Mwezi uliopita nilikwenda Kasulu kununua chokaa ya kupaka nyumba. Mimi ni fundi cherehani kule Kibondo, na mteja akikuta ukuta wako wa mbele umebanduka, huanza kuwaza kwamba na mishono yako itabanduka vilevile. Muuza duka, mzee mmoja mwenye kofia nyeupe aliyekuwa akinywa kahawa yake taratibu, alinisogezea mfuko na kuusifu. "Chukua huu, mama. Haujatoka mbali. Mawe wanavunja hapa hapa, kule korongoni njia ya Kagerankanda, wanachoma, sisi tunauza." Nilikuwa nimeshaushika mfuko ule. Nilimwomba anitunzie, nikatoka nje kutafuta bodaboda.

Nikwambie ukweli, rafiki yangu, sikuwa nimefika pale tangu utotoni, na si kwa sababu ya umbali.

Siku hizi familia ikisema inakwenda kutembea, inakwenda kupiga picha. Sisi tulikwenda korongoni mara moja kwa mwaka, kiangazi, maharage yakishapigwa na kuanikwa, na hiyo ndiyo ilikuwa sikukuu yetu. Ila kwetu hata sikukuu ilikuwa na mzigo wa kurudi nao. Chini ya korongo, ukingoni mwa kijito, kulikuwa na udongo mweupe laini ambao bibi aliuita ingwa, na kwa udongo huo tulipaka nyumba kabla mvua hazijarudi. Basi tulikwenda kucheza tukiwa na vikapu kichwani.

Tuliondoka asubuhi, baridi ikiwa bado kali, midomo ikitoa moshi. Baba alimpakia bibi nyuma ya baiskeli, juu ya keria iliyofungwa kipande cha godoro, na bibi alikaa upande kama bibi harusi, mkono mmoja umeshika kitenge na mwingine umeshika mkanda wa baba. Mama alibeba chakula: maharage yaliyoungwa kwa mawese, ugali wa muhogo uliofungwa kwenye majani ya mgomba, na samaki wakavu wa migebuka walionukia hadi mbwa wa watu wakatusindikiza. Mimi na kaka zangu tulikwenda kwa miguu, tukikimbia kila mteremko na kulalamika kila mlima.

Halafu ardhi ilipasuka mbele yetu. Ulikuwa unatembea kwenye majani makavu, mara uko juu ya kuta mbili za mawe ya chokaa zinazotazamana, nyeupe zenye michirizi ya kijivu, na huko chini kijito cha maji yanayouma meno. Mbayuwayu walikuwa wakiingia na kutoka kwenye matundu ya mawe. Na korongo lilijibu. Ukiita, ukuta wa ng'ambo ulikurudishia neno lako lote, kwa sauti yako mwenyewe. Kaka zangu walilitukana ili nalo liwatukane, mpaka mama akaanza kutafuta fimbo.

Mimi nilikuwa mtoto wa bibi. Wewe uliyelelewa huku unaelewa: katika watoto, mmoja hupewa bibi, amchotee maji, amwashie moto, alale naye. Nilipoachishwa ziwa nilihamia kwenye mkeka wake. Bibi alikuwa ametoka Burundi kwa miguu, baba akiwa mgongoni mwake, na Kiswahili alikijua cha sokoni tu. Adabu alinifundisha kwa lugha yake, na ya kwanza ilikuwa hii: mtoto aliyelelewa hapokei mara ya kwanza. Ukikaribishwa chakula, kataa. Ukikaribishwa tena, pokea kwa mikono miwili. "Neno la kwanza ni la mdomo," alisema. "La pili ndilo la moyo." Na mwenye nyumba naye ana wajibu wake, lazima aulize tena.

Adabu hiyo ilinigharimu. Mwalimu wetu wa darasa la pili alitoka mkoa wa mbali, watu wa kusema na kwenda. Siku moja nilimpelekea maji ya kunawa, akanikatia nusu ya andazi lake. Nikasema, "Hapana, mwalimu, asante." Mwalimu akasema, "Haya," akalitia kinywani. Nilibaki nimesimama pale nikisubiri swali la pili, nikimtazama anavyotafuna. Nilipomsimulia bibi, alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge, kisha akanichomea ndizi mbili.

Mwaka ule wa mwisho, watu wa asili yetu walikuwa wakijiandikisha, wengine kubaki na kuwa raia, wengine kurudi. Baba alichagua kubaki. Shamba lake lilikuwa hapa, na Burundi hakuikumbuka. Bibi alichagua kurudi. Alitaka kuzikwa kwenye kilima alikozikwa mumewe, na hakuna aliyeweza kumbishia hilo. Kilichobaki kilikuwa mimi.

Niliwasikia mchana mmoja, nikiwa nyuma ya jiko nachambua maharage. Mama alisema mtoto aachwe, anafanya vizuri shuleni. Baba akasema, "Mama yangu ana macho mabovu. Atachotewa maji na nani? Amuulize mwenyewe. Atakalosema mtoto, ndilo." Nikaendelea kuchambua, na nadhani mawe mengi yaliingia kwenye chungu siku ile.

Nilitaka kwenda. Naomba uliweke hilo akilini. Sikuijua Burundi, lakini sikujua pia namna ya kulala bila kusikia pumzi za bibi. Kwa hiyo nilijiandaa. Kila nilipokwenda kisimani nilijifanyia mazoezi ya kujibu, kwanza "oya," yaani hapana, kwa upole, macho chini. Halafu akiuliza tena, "ego," ndiyo, kwa mikono miwili.

Swali lilikuja korongoni. Tulikuwa tumekula, baba amejilaza na kofia usoni, mama anaosha vyungu. Mimi nilikuwa nimevuka kijito, nachimba ingwa, mikono myeupe hadi viwiko. Bibi alikuwa amebaki upande tuliokula, juu ya jiwe bapa, peke yake. Masikio yake nayo yalikuwa yameanza kuchoka, ukisema naye ilibidi upaze sauti. Angeweza kungoja nivuke. Leo nadhani aliogopa kuniuliza karibu, nisije nikauona uso wake.

"Mwananje!" aliita, yaani mwanangu. "Tutajirudia wote kule kwetu, mimi na wewe?"

Nikanyooka. Nikainamisha macho kama alivyonifundisha, nikajibu kwa nguvu ili anisikie, nikimwita bibi kwa lugha yake: "Oya, nyogokuru!"

Korongo likarudisha: Oya, nyogokuru.

 Bibi akafunga vizuri kitenge chake. "Haya, mwana. Ni vyema," akasema, akaanza kupanga vikapu.

Nilisubiri. Nilivuka maji nikasimama mbele yake, akanisafisha udongo shavuni kwa kidole gumba. Hakuuliza. Njiani nilikimbia kando ya baiskeli hadi mbavu zikaniuma, ili awe nami karibu akitaka kuuliza. Aliniuliza kama nimechoka. Siku za kupaka nyumba nilimshikia ndoo kutwa nzima. Alipaka hadi chumba chetu, taratibu, kwa kifungu chake cha majani, na mama akamuuliza ya nini kupaka chumba anachokihama. "Anayebaki alale penye weupe," bibi akasema.

Utaniuliza kwa nini sikufungua mdomo. Rafiki yangu, mtoto wa kwetu hajibu asichoulizwa. Nilikuwa na "ego" yangu tayari, nimeishika wiki tatu, na hakuna aliyeiomba. Asubuhi ya lori, bibi alinikumbatia, akaniambia nisome, nisiwe mvivu wa kuchota maji. Kisha watu wawili wakampandisha. Nilimhesabia pumzi hadi lori likawasha injini, nikidhani labda anangoja dakika ya mwisho. Lori likaondoka. Usiku nililala kwenye chumba cheupe, nikamchukia kwa mara ya kwanza na ya mwisho.

Hatukuonana tena. Salamu zilikuja na watu waliovuka mpaka wa Manyovu, wakati mwingine na kifungu cha mbegu za maharage, na mwaka mmoja ikaja habari ya msiba. Baadaye sana, nikiwa na cherehani yangu mwenyewe, alikuja mama mmoja aliyepanda lori lile na bibi. Alikuwa akirudi kutafuta nduguze. Nilimpa chai, nikamuuliza kama bibi aliwahi kunitaja. "Sana," alisema. "Alisema alikuuliza ukakataa mara mbili. 'Angekuwa amekataa mara moja,' alisema, 'ningemuuliza tena.'"

Nilimwambia bibi alikosea. Niliulizwa mara moja, nikakataa mara moja. Mama yule aliinua mabega, akanywa chai yake. Nikalichukulia ni neno la mtu mzima aliyechoka kukumbuka, na kwa miaka mingi nililiacha hivyo.

Basi mwezi uliopita bodaboda ilinishusha, nikatembea hadi ukingoni. Kijito kipo, kimekuwa cheupe kama maziwa. Ukuta wa upande tuliokaa upo. Wa ng'ambo haupo. Kuna shimo pana, tanuri mbili zinazofuka moshi, na marundo ya kokoto. Mbayuwayu sikuona hata mmoja. Mwanamke wa umri wangu alikuwa amekaa chini ya mwavuli akiponda mawe kwa nyundo ndogo, mipira ya tairi imemfunga vidole.

"Mwiriwe, dada," akanisalimu. "Umekuja kununua?"

Nilimwambia nimekuja kutazama tu, nilikuwa nikija hapa utotoni.

"Eeh! Basi umekuta limekufa," akasema. "Zamani tukiwa watoto tulikuwa tunalipigia kelele. Ukisema neno moja, linakuwa mawili. Sasa ukuta tumeshaula. Hata ukiita, hakuna."

Neno moja, linakuwa mawili. Nikakaa kwenye kokoto za watu. Masikio yaliyochoka, upande ule wa maji, na sauti yangu ikitoka kwangu mara moja na kutoka maweni mara ya pili. La kwanza la mdomo, la pili la moyo. Alikuwa ametimiza adabu aliyonifundisha, nami nilikuwa nimetimiza, na tukaachana hivyo.

Sijui kama ukuta ulimdanganya kweli. Alilijua korongo lile miaka mingi kabla yangu. Huenda alisikia vizuri kabisa kwamba ni mawe, akaamua kuyapokea kama jibu langu, ili nibaki nisome. Nimeligeuza jambo hili kila usiku tangu niliporudi, na hakuna wa kumuuliza. Waliokuwa korongoni siku ile wamebaki kaka zangu, nao wanakumbuka matusi tu.

Kabla sijaondoka nilishuka hadi majini, mahali nilipokuwa nikichimba ingwa. Mwanamke wa nyundo alinitazama, akaacha kuponda. Nilipaza sauti, mtu mzima na mkoba wangu begani: "Ego, nyogokuru!"

Sauti ilikwenda kule kwenye shimo, haikurudi. Nilingoja kidogo, kwa mazoea. Halafu, kwa kuwa hapakuwa na ukuta wa kulirudia, nikalisema mara ya pili mwenyewe.