Manowari Kwenye Kopo la Majani Chai

Hadi leo nikifungua kopo lile la majani chai, harufu inayonipokea si ya chai. Ni ya tumbaku kuukuu, tamu kidogo, kama mfuko wa koti la mzee. Ndani mna kadi za manowari, zile picha ndogo zilizotiwa kwenye pakiti za sigara enzi za ukoloni. Babu, baba yake Mama, aliziokota bandarini Mombasa, ingawa yeye mwenyewe hakuvuta sigara hata moja. Mama akazibeba mpaka Houston, akaniachia nizichezee.

Miaka ya tisini tuliishi ghorofani, mtaa wa Sharpstown mjini humo. Wenzangu wakicheza mpira katikati ya magari huko chini, mimi nilikuwa nahodha wa zulia. Nimezunguka bahari zote bila kuvaa viatu, na tabia hiyo sijaiacha.

Jumamosi moja maombi yalikuwa kwetu. Mama Baraka, kiongozi wa akina mama kanisani, alikuja na mwanawe. Baraka akaiona manowari yenye mabomba manne ya moshi, mfalme wa kopo, akaing'ang'ania huku akilia kwa Kiingereza. Mnawajua mama zetu: mgeni akipenda kitu, ni chake. Mama akanitupia lile jicho.

"Mpe mwenzako. Huyo ni mgeni."

Nikaitoa, koo limenikauka. Lakini mimi nikitoa kitu hukitoa na maelezo yake. Nikaigeuza kadi, nikamsomea Mama Baraka tangazo la nyuma kwa sauti ileile ya kusomea Zaburi: sigara laini kooni, chaguo la mabaharia.

Mama Baraka aliinyakua mkononi mwangu, akaitupa mezani kama imemuunguza. "Mama Neema, sigara? Kwenye nyumba ya maombi?"

Chapati zikasimama njiani kuelekea midomoni. Nikajua kopo linakwenda jaani. Mama alijifuta mikono kwenye leso, taratibu.

"Ni za baba yangu," akasema. "Hakuniachia kingine, dada. Hebu mwongeze Baraka chai."

Walipoondoka nilijipongeza kwa kuokoa meli yangu.

Juzi hapa kwangu Pearland, nje kidogo ya Houston, mtoto wa wageni aliishika kadi hiyohiyo, akamwomba binti yangu. Nikafungua mdomo kusema "mpe", neno likakwama. Mama, aliyekuwa amekuja kunisalimia, akanitazama, akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Miaka yote hiyo nilidhani siku ile aligawa changu. Kumbe aligawa chake, na koo lake nalo lilikuwa limekauka.