Kodiani Iliyookoka Nusu

Enzi zetu pale Ruring'u, mtu alikuwa anaokoka na vitu vyake. Siku hizi kijana anaokoka Jumapili asubuhi, anapigwa picha akiwa amefumba macho, na kufika jioni yuko vilevile alivyokuwa, heleni sikioni na kila kitu. Sisi hapana. Ukiokoka, waumini walikuja kwako wakiimba, wakasimama mlangoni, nawe ukawatolea kila kitu cha dunia ulichokuwa nacho: kibuyu cha ugoro, pembe ya pombe, shanga za nyanya yako, santuri. Vitu hivyo vilirundikwa kwenye uwanja wa kanisa, vikachomwa moto baada ya ibada. Wewe wa rika langu uliyekulia Nyeri unajua ninachosema, na huenda kuna kitu chenu kilichoungua pale ambacho mpaka leo nyumbani kwenu hakitajwi.

Chetu kilikuwa kodiani ya baba, kile kinanda cha kuvuta na kusukuma kifuani, na haikuungua. Ilipatwa na jambo ambalo sijasikia likipata kinanda kingine duniani, na ndilo ninalotaka kusimulia kabla na mimi sijaanza kusahau.

Ruring'u ya wakati huo, miaka michache baada ya uhuru, ilikuwa safu za nyumba za mbao na mabati, baridi ya kung'ata masikio, na moshi wa kuni mbichi uliotuingia hadi kwenye uji. Tulikimbia shule miguu mitupu. Mlima ukijitokeza asubuhi tuliutazama, si kwa uzuri wake, bali kujua kama kutanyesha. Leo wajukuu wangu hawawezi kuuona mlima bila kusimama mbele yake wauzibe, kisha wanatuma picha. Githeri, mahindi na maharagwe, ilichemshwa kwenye debe, na jirani aliyesikia harufu hakuhitaji mwaliko. Mtoto akikosea alichapwa na mzazi yeyote aliyekuwa karibu, halafu akachapwa tena nyumbani kwa kosa la kumchosha jirani mkono.

Baba alikuwa fundi seremala. Kodiani aliipata ujanani kutoka kwa Mzungu mmoja wa shamba upande wa Naro Moru, aliyeshindwa kabisa kuipiga. Wakati wa Hali ya Hatari, watu walipokatazwa kukusanyika, aliificha chini ya maranda ya mbao, na askari walipekua kibanda chake mara kadhaa wakatoka na vumbi tu. Uhuru ulipokuja akaitoa, akaipangusa, na kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana alikaa nje kwenye stuli akaipiga. Jirani yetu Ndiritu aligonga ile pete ya chuma tunayoiita karing'aring'a, na watu wakacheza mwomboko wawili wawili, mume kamshika mke: hatua mbili mbele, kisha goti linakunjika. Hatua mbili, goti. Walikuja wenye duka, wapasua mbao, walimu, wanawake wa sokoni waliotoka kuuza kabichi, wote na viatu vyao vya pekee.

Mkono wa kulia wa baba uliimba wimbo. Lakini watu hawakuwa wanakuja kwa ajili ya mkono wa kulia. Walikuja kwa ajili ya ule wa kushoto, uliokuwa unabonyeza vifungo vya besi, maana besi ndiyo iliyoyaambia magoti wakati wa kukunjika. Mama ndiye aliyekuwa mchezaji hodari kuliko wote. Alikuwa akituambia kwamba siku alipokutana na baba alicheza mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka, akaendelea na kimoja.

Sasa, kabla sijawasema vijana zaidi, wacha nikiri langu. Mimi nilikuwa naona aibu. Tulikuwa na binamu waliovaa suruali za bugaluu zilizofagia barabara, nywele zimechanuliwa mpaka mlangoni wanainama, nao walijua twisti. Walikuwa wakipita na kuniuliza, "Wangeci, buda yako bado anapiga hiyo kitu ya wazee, ya akina guka?" Nami nilicheka pamoja nao. Kwa hiyo mjukuu wangu akiniambia nyimbo zangu ni za makumbusho, ninamkemea kwa sauti kubwa, lakini moyoni najua ni haki yangu.

Mama aliokoka nikiwa na miaka kama kumi. Hakumwambia baba atupe kodiani. Angesema waziwazi, baba angekataa, na mambo yangeisha. Yeye aliomba. Aliomba jikoni, mwiko mkononi, kwa sauti ya kumfikia Mungu na mtu yeyote aliye sebuleni: "Mungu, wewe unaona hiyo kitu iko chini ya kitanda. Mimi sisemi kitu. Wewe ndiye unaona." Aliomba hivyo asubuhi na jioni kwa miezi mitatu. Siku moja baba aliweka kikombe chini akasema, "Mama Wangeci, ambia watu wako wakuje." Watu wengine waliokoka kwa ndoto, wengine kwa ugonjwa. Baba aliokoka kwa kuchoka.

Jumapili hiyo rundo lilikuwa kubwa, na kodiani ilikuwa juu kabisa. Mwinjilisti Hezron, mtu mrefu mwenye koti lililomfika magotini, alishika kiberiti na kutuanzishia wimbo wa kuchomea. Akauanzisha juu mno. Kufika mstari wa pili wanawake walikuwa wanakohoa. Akaanza upya, chini mno, wanaume nao wakapotea. Mara ya tatu hakuna aliyemfuata. Ndipo Cucu Wairimu, nyanya aliyeokoka kabla ya wengine wote Ruring'u, akasema neno ambalo kila mtu aliliona lina akili: "Wacha Baba Wangeci atupatie sauti na hiyo kitu yake. Si bado haijachomeka?"

Baba akaichukua kutoka kwenye rundo. Nakumbuka aliipangusa kwanza, kinanda ambacho dakika tano baadaye kingekuwa majivu.

Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri, mkono wa kulia peke yake, wa adabu. Ubeti wa pili mkono wa kushoto ukaingia. Sidhani alikusudia. Vidole vyake vilijua njia moja tu, na wimbo wa wokovu ukaanza kutembea kwenye njia hiyo. Aliyeanza alikuwa Cucu Wairimu: hatua mbili, goti. Halafu wazee wawili wa kanisa. Halafu mduara mzima wa waliookoka wa Ruring'u, Biblia kwapani, hatua mbili, goti, wakizunguka lile rundo la dhambi zao wakiimba damu ya mwanakondoo. Hata Hezron, kiberiti mkononi, koti lake lilikuwa linapanda na kushuka. Mama alisimama wima, macho ameyafumba kwa nguvu. Nikatazama chini, kwenye pindo la sketi yake. Miguu yake haikuwa imefumba macho.

Wimbo ulipokwisha hakuna aliyeweza kumtazama mwenzake. Vitu vingine vikachomwa harakaharaka, na kodiani ikafungiwa kwenye kabati la kanisa mpaka wazee waamue.

Wazee walikaa Jumatano tatu. Swali lilikuwa kama chombo kinaweza kuokoka. Wengine walisema kichomwe. Wengine walisema kanisa halina kinanda, na sauti ya Hezron kila mtu ameisikia. Jumatano ya tatu mama akaomba nafasi ya kusema, na pendekezo lake likapita bila upinzani. Hezron akalitangaza kanisani: "Tumechunguza hiyo kinanda. Hii upande ya kulia inaimba, hii imeokoka. Hii ya kushoto ndiyo inakunja watu magoti, na si magoti ya maombi. Hii bado."

Basi baba akarudishiwa kodiani yake, akaruhusiwa kuwapigia nyimbo kila Jumapili kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulibaki na kazi ya kuvuta na kusukuma upepo tu. Mama alikata kipande cha kaki kutoka kwenye sare yangu kuukuu, akakikunja pindo vizuri, na baba mwenyewe akakipigilia juu ya vifungo vya besi kwa misumari midogo ya viatu. Nilisimama pale nikimtazama akipigilia. Alipima kila msumari, kama kazi ya mteja.

Alipiga hivyo mpaka alipofariki, nami wakati huo nilikuwa na watoto wakubwa. Jumamosi za Ruring'u zilinyamaza. Ndiritu alifungia ng'ombe kwa pete yake. Watu wa mwomboko wakawa watu wa mikutano na kwaya, na waliobaki na hamu walikwenda kucheza kwingine, mbali na macho yetu. Sikumsikia baba akilalamika hata siku moja, na hilo linaniuma kuliko kama angelalamika. Ila kibandani, akiwa anangoja gundi ishike, vidole vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vinabonyeza ubao. Alipoona namtazama aliuweka mkono mfukoni.

Mwaka jana nilimpeleka mama kanisani, kanisa lilelile, ila sasa lina vigae na skrini. Amepita miaka tisini na anasikia anachotaka kusikia. Vijana wakaanza sifa. Kuna ngoma za kila ukubwa, na kuna gita la besi linalopigwa na mjukuu wa Hezron, kijana mwenye rasta na suruali iliyochanika magotini, tena aliinunua dukani ikiwa imechanwa. Spika ziliponguruma, kiti cha mama kilitetemeka. Vijana wakaruka, kila mtu peke yake, maana siku hizi kucheza ni kazi ya mtu na simu yake.

Mama akanivuta mkono. "Wangeci, hiyo inanguruma ni nini?"

"Ni besi, Maitu."

"Besi ya kanisa?"

"Eeh, ya kanisa."

Akafikiri. "Iliokoka lini?"

Nilicheka mpaka nikaona hacheki.  Tulipofika nyumbani akakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, akasema, "Leta hiyo kitu ya baba yako. Na koleo yake."

Niling'oa misumari mmoja mmoja. Mjukuu wangu Kim, anayetengeneza midundo kwa laptopu, aliacha kazi yake akaja kuona. Upande wa kulia vifungo vilikuwa vimelika na kuwa vya manjano, vina vishimo vya vidole vya baba. Kaki ilipotoka, vile vya kushoto vilikuwa vyeupe, safi, kama vimetoka dukani jana. Mama akavipapasa.

"Ni mimi nilisema," akaniambia.

"Maitu, usingesema wangeichoma."

"Hiyo najua. Hiyo sijuti. Lakini hiyo miaka ingine yote niko na makasi ndani ya nyumba, na hakuna mtu alikuwa ananiangalia. Ningetoa hiyo kitambaa siku yoyote. Ningemwambia, piga, mimi nafunga mlango." Akakikunja kile kipande cha kaki. "Sikutoa."

Nikaipakata kodiani.

"Sasa vuta," akasema.

Mimi sijui kupiga. Nilikuwa nacheka na bugaluu wakati wa kujifunza. Nilivuta, viriba vya upepo vikapiga mluzi kwenye mipasuko, nikabonyeza kifungo kimoja cha kushoto. Ilitoka sauti nzito, yenye mafua. Nikabonyeza tena, taratibu. Kim akasema sauti hiyo anaweza kunipatia kwenye laptopu, tena safi, bila huo upepo. Huenda ni kweli. Enzi zetu tulikuwa na kinanda kimoja na tulikifunga mkono, na hawa wana vyote na hawana wa kushikana naye.

 Nilikuwa natazama blanketi iliyofunika miguu ya mama ikisogea. Hatua mbili, kisha goti.