Chupa za Mchanga za Baba

Jamaa anayeniwekea sinema kwenye flashi hapa Bombolulu alikosea. Nilimwambia anitilie za vita, za watu wanaoruka kuta na kurushiana mateke, akanitilia kichekesho cha Waingereza ambacho hakuna anayekimbia hata mara moja. Nilikitazama Jumapili mchana, mvua imenifungia chumbani, kwa sababu sikuwa na kingine. Kufikia sehemu ya pili nilikuwa nimesimama naitukana televisheni.

Kichekesho chenyewe ni hiki. Katika mji mdogo wa pwani yao, pwani ya baridi ambako watu huenda ufuoni wamevaa makoti, kuna watu watano wanaokusanya mchanga. Si wa kujengea. Kila wanapofika huchota kiganja kimoja, wakautia kwenye chupa ndogo, wakaandika jina la mahali, basi. Alhamisi hukutana katika ukumbi wa kanisa kuonyeshana. Yuko mama mjane, yuko dereva wa basi aliyestaafu, yuko karani wa duka la dawa asiyependa kucheka. Sehemu nzima ya kwanza wanabishana kama mchanga wa uwanja wa kuchezea watoto unahesabika, maana uliletwa na lori. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, na wale wanasema kwa kuguna, lakini hakuna kilichonipita.

Katika sehemu ya pili yule mjane anabisha hodi kwa mtu asiyemjua, anaomba mchanga wa uani kwake. Mwenye nyumba anamtazama, anajikuna kichwa, anasema, "Chota tu, mama. Na ukiweza ning'olee na magugu." Kisha anamletea chai.

Chai! Hapo ndipo niliposimama.

Baba yangu alikuwa dereva wa malori. Alipakia Changamwe akaenda Busia, Kampala, Kigali, na kila alikolala alichota mchanga kidogo akautia kwenye vichupa vya dawa ya sindano alivyoomba kwa nesi wa zahanati. Alibandika karatasi, akaandika kwa penseli: Malaba, kando ya kisima. Mtito Andei, chini ya lori. Nyumbani kwetu Miritini vilijaza rafu mbili. Nilivijua kwa rangi kabla sijajua kusoma. Nadhani ndivyo vilivyonitia ugonjwa wa kutotulia, kwani tangu nimalize shule nimefanya kazi Lamu, Taveta, Voi na Lunga Lunga, na kote huko nimeililia Miritini, na nikiwa Miritini natafuta viatu vyangu niondoke.

Baba alipostaafu hakuacha. Alichota ya karibu. Jirani alipochimba shimo la choo ukatoka udongo wa rangi ya jivu lenye ukijani, rangi ambayo Baba hakuwahi kuiona toka hapa hadi Kigali. Asubuhi mapema alivuka, akachota kiganja kwenye lundo, akarudi. Mke wa jirani alimwona. Wiki haikwisha, mguu wa mama huyo ukavimba.

Kwetu, mtu akichota mchanga uliokanyaga amekuchota wewe. Mtoto hufundishwa hilo kabla ya sala ya Baba Yetu. Baba alilijua vizuri kama wengine wote, ila asubuhi ile aliona rangi tu, akasahau miguu iliyokuwa imepita juu yake.

Nilikuwa Voi waliponipigia simu. Nilipofika uwanja wetu ulikuwa umejaa: mzee wa mtaa, mchungaji wetu, majirani niliocheza nao. Vichupa vilikuwa vimeshatolewa, vimepangwa juu ya mkeka kama vya kuuzwa. "Mtsai!" mmoja alipiga kelele, yaani mchawi, kwa lugha ya nyumbani, na mimi nilikuwa nimeisikia lugha hiyo utoto wangu wote ikiniita nile.

"Hebu ona, ana Kampala nzima ndani ya chupa!" mwingine akasema. "Ndiyo maana Waganda hawaponi!" Watu wakacheka. Walicheka!

Mke wa jirani alinyoosha kidole. "Mguu wangu ni upi hapo? Nionyesheni mguu wangu!"

Baba alikaa kwenye kigoda. Mchungaji aliniambia mwana ndiye amalize. Nikamaliza. Nilimwaga kimoja baada ya kingine kwenye shimo la choo, Malaba, Mtito, Kigali, na mchungaji akasema mzee huyu ana mtoto mwema.

Miaka tisa nimekuwa nikisimulia kila nilikopanga chumba kwamba nilimwokoa baba yangu. Huko vijijini Pwani wazee hukatwa mapanga kwa kuwa na mvi tu, kila mtu anajua. Miaka tisa hiyo Baba amekuwa akiitikia salamu yangu na kunyamaza.

Jumatatu nilikihamishia kichekesho kwenye simu, nikaenda Miritini.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umekuja na nini?"

"Sinema."

"Sinema. Mtu mzima, ndevu zina mvi, anatembea na sinema."

Lakini aliipokea simu. Wale wa ukumbini walipobishana kuhusu uwanja wa watoto aliniuliza wanasemaje, nikamweleza. "Hauhesabiki," akasema papo hapo. "Wa lori hauhesabiki." Baadaye akamwonyesha karani kwa ukucha. "Huyu hajui. Anaufunika mchanga una maji. Utaota ukungu huo." Sikuwa nimemsikia akisema maneno mengi hivyo tangu siku ile.

Ikaja ile chai. Alitazama mpaka mjane akamaliza kikombe, wala uso wake haukubadilika. Mimi ndiye niliyelipuka.

"Umeona, Baba? Wanapewa chai! Na hawa je?" Nilinyoosha mkono kwenye ukuta wa jirani, makusudi wasikie. "Hawa wangekuua! Wapumbavu hawa, kanisani kila Jumapili!"

"Punguza sauti," akasema. "Mguu wa mtu utavimba."

Sikucheka. Nilichuchumaa mbele yake. "Nisamehe, Baba. Sikuwa na njia. Wangekukata."

Aliisimamisha picha kwa kidole gumba, kwa taabu.

"Anayeogopa panga tu humwaga nusu," akasema. "Angenifichia hata kimoja mfukoni. Wewe ulimwaga vyote. Kisha ukaenda nyuma ya choo ukanawa mikono kwa chumvi, kama aliyeshika uchawi. Mara tatu. Nilikuona."

Nilitaka kubisha. Nilikuwa na maneno tayari, yale niliyoyatembeza toka Voi hadi Lamu.

"Niliamini," nikasema. "Siku ile niliamini."

"Haya. Basi ukija hapa usiwatukane wa ng'ambo ya ukuta peke yao."

Hakusema amesamehe, nami sikuomba tena. Aliniamuru niweke sehemu ya tatu, na nihamie upande wa pili, kwa kuwa pale nilipochuchumaa nilikuwa namzibia mwanga.